Jua Kwanza, Rangi Baadaye

Bango lililokaa mwaka mzima kando ya barabara ya Sokoine, Arusha, au kwenye njia ya kutoka mjini kuelekea Kisongo, huishia na sura inayofahamika. Uso wa mtu umegeuka samawati, nyanya zimekuwa na rangi ya majivu, lakini maandishi meusi bado yanasomeka vizuri. Mwenye biashara husema wino umekwisha nguvu, kumbe wino haukuisha wote. Njano na majenta ndizo zilizoondoka, samawati na nyeusi zikabaki.

Sababu iko ndani ya chembe za rangi zenyewe. Samawati ya wino wa nje karibu kila mara hutokana na kampaundi yenye shaba iitwayo fthalosianini, na nyeusi ni kaboni, yaani masizi yaliyosagwa. Hizi mbili ni sugu mbele ya jua. Njano na majenta huundwa kwa molekuli ambazo mionzi huzivunja kwa urahisi zaidi, hasa mtengenezaji anapobana gharama. Kwa hiyo umri wa bango ni umri wa rangi yake iliyo dhaifu kuliko zote, hata kama nyingine zina uwezo wa kuishi miaka kumi.

Naanzia hapo kwa sababu maduka yetu ya uchapaji yanapotafuta mashine kubwa, mazungumzo na muuzaji huanzia kwenye idadi ya rangi: nne, sita, nane, hata kumi na mbili. Nadhani mpangilio huo umepinduka. Aina ya wino huamuliwa na mahali kazi itakapoishi. Idadi ya rangi huamuliwa na umbali wa macho ya mtazamaji, pamoja na rangi moja au mbili ambazo mteja hawezi kukubali zikosewe. Anayeanza na idadi ya rangi hulipia uwezo asioutumia, kisha hulipia tena kazi iliyopauka.

Jua lenye kibaridi

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, digrii tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Maana yake, siku ya anga safi bango la hapa hupigwa na mionzi mikali kuliko bango kama hilo Dar es Salaam, ingawa mwenye bango amevaa sweta. Mawingu ya Juni hadi Agosti hutupa nafuu, lakini Januari na Februari hulipa deni lote.

Halafu kuna pembe ya jua. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita mchana hupita karibu kabisa na utosi. Boneti na paa la gari huoka kwa saa nyingi, wakati mlango wa gari hilohilo huguswa kwa upande tu. Ile miaka mitatu iliyoandikwa kwenye boksi la wino au kwenye roli la stika kwa kawaida huhesabiwa kwa kazi iliyosimama wima, tena kwenye hali ya hewa ya upole. Anayemuahidi mteja miaka hiyohiyo kwa stika ya boneti anaahidi kitu ambacho hata mtengenezaji hakukiahidi.

Mlima Meru nao unagawa kazi. Miteremko ya kusini na mashariki hupata mvua nyingi. Ndiko kwenye migomba na kahawa, na bango la Tengeru au Usa River hupambana na unyevu na kuvu. Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Oldonyo Sambu kwenda Longido, ni nchi kavu yenye vumbi laini la udongo wa volkano. Vumbi likisukumwa na upepo hukwangua uso wa chapa kama msasa. Kwa hiyo kibao cha kambi ya watalii ya Longido na kibao cha shule ya Tengeru vina maadui tofauti, hata vikichapwa na mashine moja asubuhi moja.

Ili kuelewa kwa nini chapa ni dhaifu kiasi hicho, fanya hesabu ndogo. Mita moja ya mraba ya picha hutumia wino wa mililita 10 hivi. Ukiutandaza sawasawa, unapata utando wenye unene wa sehemu ya mia ya milimita, tena ukiwa bado mbichi. Kwenye wino wa kuruka hewani, sehemu kubwa ya utando huo ni kimiminika kinachoondoka. Kinachobaki kukabiliana na jua ni chembamba mara nyingi kuliko koti moja la rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi. Ndiyo maana maandishi ya mafundi wa zamani kwenye kuta za maduka huonekana yanasomeka hadi leo, wakati bango la mwaka juzi limekwisha.

Wino gani kwa kazi gani

Wino wa maji uko wa aina mbili, na wanunuzi wengi huzichanganya. Ya kwanza rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji. Inang'aa na kuvutia, lakini jua huila upesi na matone ya mvua huisambaza. Inafaa bango la mkutano wa siku mbili ndani ya ukumbi wa AICC, basi. Ya pili ina chembe zinazoelea, kila moja ikiwa na ukubwa wa karibu sehemu ya elfu kumi ya milimita. Hii ndiyo ya picha za sanaa kwenye kanvasi, kwa kuwa ndani ya nyumba, mbali na dirisha, wino mzuri wa aina hii hudumu miongo. Nje bila kinga, hapana.

Ekosolventi ndiyo farasi wa kazi wa maduka yetu. Kimiminika chake hulainisha kidogo uso wa plastiki ya stika au fleksi, yaani turubai ya mabango, rangi ikazama na kushika. Tatizo lake ni haraka ya mteja. Chapa ikitoka mashineni bado ina kimiminika ndani, na inatakiwa ipumzike angalau saa 24 ikiwa imefunguliwa kabla ya kuwekewa laminesheni, yaani utando wa kinga. "Bosi, gari linaingia mbugani kesho alfajiri," mteja anasema, na fundi analaminisha baada ya saa mbili. Kilichonaswa chini ya laminesheni hulainisha gundi, na kona za stika huanza kujikunja kabla gari halijafika Mto wa Mbu. Kwa magari ya safari, yanayochanwa na miiba na kuoshwa kila yanaporudi, laminesheni ni sehemu ya kazi. Tena iwe juu ya stika laini inayokubali mikunjo ya bodi. Ile ngumu ya bei nafuu husinyaa na kubanduka.

Solventi kali hushika zaidi na ni nafuu kwa fleksi kubwa za barabarani, ila harufu yake si ya mchezo. Wino wa namna hiyo mara nyingi huwa na saikloheksanoni, na kuuchapa ndani ya fremu ndogo isiyo na dirisha la nyuma ni kumlisha kijana wako sumu kwa awamu. Anayeutaka awe na karakana wazi na feni ya kutoa hewa nje. Kufungua mlango wa mbele na kuwapa majirani harufu si suluhisho.

Lateksi, ambayo HP iliiingiza sokoni mwaka 2008, hutumia maji kubeba chembe za plastiki laini. Joto huziyeyusha zikaifunika rangi. Haina harufu kali, na inaweza kulaminishwa ikitoka tu. Kwa kuta za hoteli na vyumba vya lodge ni chaguo zuri sana. Gharama yake ni umeme: mashine lazima iwe na moto muda wote inapochapa, na za ukubwa wa kati hula kilowati kadhaa. Duka linalotegemea jenereta kila umeme unapokatika lifanye hesabu ya mafuta kabla ya kusaini.

Wino wa UV hukaushwa kwa taa ya urujuanimno na kuganda papo hapo. Huchapa moja kwa moja juu ya ubao, kioo, jiwe au karatasi ngumu ya plastiki, na mara nyingi hula umeme kidogo kuliko lateksi. Kwa vibao vya lodge vya mbao za mninga ni mzuri ajabu. Kwa gari, utando wake mnene huweza kupasuka kwenye mikunjo. Fundi avae glavu, kwa sababu wino wa UV ukiwa bado mbichi unaweza kumletea mtu mzio wa ngozi usiopona.

Sublimesheni, inayohamisha rangi kwenye kitambaa kwa joto la karibu nyuzi 200, ni ya poliesta peke yake. Kwenye pamba haishiki. Jezi na bendera za upepo ndizo eneo lake. Tanzania ikiwa mwenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha ikiwa na uwanja mpya kwa ajili ya mashindano hayo, mahitaji ya kazi hii yatakua bila kampeni.

Kabla ya kuacha aina za wino, angalia kichwa cha mashine, sehemu inayotema wino. Kichwa cha XP600, kilichojaa kwenye mashine za bei nafuu kutoka China, asili yake ni printa ndogo ya nyumbani ya Epson iliyotumia wino wa maji. Hustahimili ekosolventi kwa muda. Ukikipa solventi kali, kimiminika hula gundi iliyoshikilia sehemu zake. Kichwa cha Konica 512i kilijengwa kuhimili solventi. Wino na kichwa huchaguliwa pamoja, na anayenunua kimoja leo na kingine kesho kwa kufuata bei atazika kichwa mapema.

Umeme unaua vichwa pia. Ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki nje ya kofia yake, matundu yakiwa wazi hewani, na kwenye ukavu wa Februari ekosolventi huanza kuganda muda si mrefu. UPS inayoweza kukirudisha kichwa nyumbani kwake ni bei ndogo ukiilinganisha na kichwa kipya. Nunua hiyo kabla ya kununua rangi ya tano.

Rangi ngapi

Sasa tuhesabu rangi. Nne za msingi ni samawati, majenta, njano na nyeusi. Sita huongeza samawati hafifu na majenta hafifu. Hizi hazikuja kuongeza rangi mpya. Zilikuja kuficha punje. Tone la samawati kali kwenye anga jeupe au shavu la mtu huonekana kama doa. Tone hafifu hujificha.

Lakini hujificha kwa nani? Jicho zima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya sehemu ya sitini ya digrii. Ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye picha, hiyo ni karibu milimita 0.09. Ukiwa mita moja ni milimita 0.3, na ukiwa mita kumi ni milimita 3. Tone la pikolita 30, la mashine za fleksi, lina kipenyo cha milimita 0.04 hivi likiwa hewani, na likitua likatanuka hufika mara mbili ya hapo. Maana yake punje zake zinamsumbua anayesoma akiwa amekaribia kabisa, na kwa hatua moja ya kurudi nyuma zimepotea. Vichwa vya kisasa hutoa matone ya pikolita 3 au 4. Sababu iliyozileta rangi hafifu imepungua uzito, na kwa bango la barabarani haipo kabisa.

Kuna jambo ambalo muuzaji halisemi. Rangi iliyotandazwa nyembamba hupauka haraka kuliko iliyorundikana, kwa kuwa kila chembe inakabili jua bila mwenzake wa kumkinga. Wino hafifu una chembe chache katika kila tone. Ukichapa ngozi za watu na anga kwa rangi sita kisha ukaitundika kazi Ngarenaro juani, sehemu laini zilizokuvutia dukani ndizo zitakazotangulia kufa. Kwa kazi ya nje ya Arusha, rangi nne zenye chembe imara ni bora kuliko sita. Si kwamba zinatosha tu, ni bora.

Kasi nayo inasema hivyohivyo. Kichwa aina ya DX5, kwa mfano, kina safu nane za matundu, kila safu ikiwa na matundu 180. Ukiweka rangi nne, kila rangi inapata safu mbili. Ukiweka nane, kila moja inapata safu moja, na kwa ubora uleule mashine inapita mara nyingi zaidi juu ya karatasi. Wiki ya Nane Nane pale Themi, au msimu wa uchaguzi, ndipo utakapoijua tofauti hiyo.

Tanzanite, tembo na Tingatinga

Basi rangi nyingi zina kazi gani? Zina kazi pale ambapo rangi nne zinashindwa kabisa, na Arusha inayo mifano yake mitatu mizuri.

Wa kwanza ni tanzanite. Jiwe hili, lililogunduliwa mwaka 1967 Mererani, wilayani Simanjiro, lina wafanyabiashara wake mjini hapa, na kila mmoja anataka picha yake ukutani. Buluu yenye urujuani ndani yake ndiyo rangi inayoshinda mashine za rangi nne kuliko karibu zote. Inabidi ijengwe kwa samawati na majenta, na wino hizo si safi. Majenta inatakiwa izuie kijani peke yake, lakini humeza sehemu ya mwanga wa buluu pia, na samawati humeza kidogo. Zikilaliana, buluu inayotoka ni nzito na chafu, na jiwe la bei kubwa linaonekana kama kioo cha chupa. Hapa mashine yenye wino wa urujuani au wa buluu hulipa gharama yake. Epson na Canon zote zina mashine za namna hiyo, za wino wa maji wenye chembe.

Wa pili ni tembo. Kijivu cha tembo kikichanganywa kwa samawati, majenta na njano kitaonekana sawa chini ya taa ya duka, kisha kiwe na wekundu au ukijani kwenye mwanga wa dirisha la lodge. Dawa yake ni nyeusi hafifu. Mwaka 2005 Epson ilileta wino wa UltraChrome K3 wenye nyeusi za viwango vitatu, na wino wa namna hiyo umerahisisha kupata kijivu kisichoyumba kwenye picha za ukutani. Mpiga picha wa wanyamapori anayeuza kazi zake kwenye hoteli za Arusha anahitaji nyeusi hizo kuliko anavyohitaji chungwa.

Wa tatu ni michoro ya Tingatinga na ile iliyozaliwa kutokana nayo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Chungwa, kijani na feruzi za rangi hizo ziko nje ya uwezo wa wino nne. Anayechapa nakala kwenye kanvasi, kwa ruhusa ya msanii, atahitaji chungwa na kijani vya ziada, na ajue kuwa chungwa mara nyingi huwa dhaifu kwa jua kuliko samawati. Hiyo ni kazi ya ndani.

Mifano yote mitatu hutazamwa kwa karibu, hukaa ndani, na huuzwa kwa bei inayobeba gharama. Hakuna hata mmoja unaotundikwa juu ya nguzo.

Hesabu ya mwenye duka

Kila rangi ya ziada ina bomba lake na kifuniko chake, na ina tarehe ya kuharibika. Mashine ikijisafisha hunyonya kila wino, hata ule ambao hukuugusa wiki nzima. Duka linalotumia chungwa mara moja kwa wiki linaimwaga chungwa nyingine kwenye chupa ya taka.

Upande wa pili, wino bora si ghali kama unavyodhaniwa. Tuchukulie lita moja ya wino wa kawaida ni shilingi 40,000. Kwa mililita 10 kila mita ya mraba, hiyo ni shilingi 400. Wino mzuri wenye bei maradufu utakugharimu 800. Kwa bango la mita tatu kwa mbili, tofauti yote ni shilingi 2,400. Kurudia bango hilo baada ya miezi minane, pamoja na fleksi, ngazi na fundi wa kulifunga, ni mara nyingi ya hapo, bila kuhesabu mteja aliyekwenda duka la jirani.

Na kabla ya kuongeza rangi yoyote, tengeneza profaili sahihi ya wino wako na karatasi yako. Mashine nyingi hapa mjini huchapa kwa profaili ya kiwandani iliyopimwa kwa wino mwingine na stika nyingine. Rangi nne zilizopimwa vizuri hushinda nane zilizobahatishwa.

Kwa duka la kawaida la Arusha, ushauri wangu ni huu: ekosolventi ya rangi nne, wino wenye chembe imara, mashine ya laminesheni na UPS. Ukishapata wateja wa hoteli, vito na sanaa, ongeza mashine ya pili ya maji yenye rangi nane au zaidi. Usijaribu kuzifanya mbili hizo kuwa moja.

Usimwamini muuzaji wa wino, wala usiniamini mimi. Lipime jua lako. Chapa ukanda wenye rangi nne, kila moja kwa asilimia 25, 50 na 100, kisha funika nusu yake kwa bati jembamba. Uweke juu ya paa ukitazama anga, andika tarehe, uuache miezi mitatu. Fanya hivyo kwa kila wino unaofikiria kununua, siku moja, paa moja. Ukiinua bati utajua rangi ipi hukimbia kwanza, na utajua uandike miezi mingapi ya dhamana kwenye ankara ya mteja.